Kloridi 113 kwenye ionogramu ya mama: ni figo, ni serumu, au ni tumbo?

#1 Mwana_Nguba
Salamu kwa wote. Naomba wenye kujua wanisaidie kusoma karatasi hii. Mama yangu ana miaka 61, tuko hapa Bukavu. Wiki iliyopita aliharisha mpaka akaishiwa nguvu, tukampeleka dispansari ya mtaani, wakamtundikia serumu. Kesho yake daktari akaagiza ionogramu, yaani kipimo cha chumvi za damu. Majibu:

Sodiamu 141
Potasiamu 3,3
Kloridi 113
Kreatinini (kipimo cha figo) 0,8

Potasiamu na kloridi wamezizungushia bik nyekundu. Labo imeandika kloridi ya kawaida ni 98 hadi 107. Daktari alishughulika na potasiamu, akaandika dawa, na kuhusu kloridi akasema tu "tutaifuatilia". Binamu yangu anayesomea afya ameshataja figo mbele ya mama. Tangu jana mama hagusi chumvi, sombe anakula bila ladha, na maji anakunywa kwa kujilazimisha. Kloridi ikipanda hivi maana yake nini?

#2 Papa_Bagira
Chumvi hiyo, usitafute mbali. Mama zetu wanapenda makayabu, samaki wa chumvi, na hata ukiyaloweka usiku kucha chumvi haitoki yote. Juu yake wanatia kibe mbili za supu kwenye sufuria. Kloridi ni nusu ya chumvi, itakosaje kupanda?

#3 Mpima_Damu
Papa Bagira, nakuheshimu, lakini hapana. Ni kweli chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Ila figo nzima hutoa ziada kwenye mkojo. Makayabu yatakuletea presha kabla hayajakupandishia kloridi ya damu peke yake. Tena angalia sodiamu yake: 141, iko katikati kabisa. Kama ingekuwa upungufu wa maji mwilini tu, sodiamu na kloridi zingepanda pamoja.

Mwana Nguba, mimi niko kwenye labo. Niambie, je, kuna bikabonati, ile inayotuliza asidi ya damu, kwenye hiyo karatasi? Mara nyingine imeandikwa "RA" au "CO2 jumla", mara nyingine iko nyuma. Pili, serumu ilikuwa ya aina gani? Glukosi, physio (maji ya chumvi), Ringer? Tatu, damu ilitolewa mkono gani, na serumu ilikuwa mkono gani? Bila hayo tunabahatisha.

#4 Shangazi_Kadutu
Mimi nasema ni dawa wanayotia kwenye maji ya robine. Kuna siku ukifungua unasikia harufu mpaka machozi. Klorini ile inaenda wapi kama si kwenye damu?

#5 Mwalimu_Katuba
Shangazi, niko Lubumbashi, nafundisha kemia. Klorini ya maji ikiingia mwilini kweli huishia kuwa kloridi. Lakini tupige hesabu. Maji yaliyotiwa dawa vizuri hubaki na klorini ya nusu miligramu hivi kwa lita. Unywe lita 3, hujafika miligramu 2. Chumvi gramu 5 ina kloridi karibu gramu 3, yaani zaidi ya mara elfu moja ya hiyo. Harufu ni kali kwa sababu pua inaihisi hata ikiwa kidogo sana. Endelea kunywa maji yenye dawa, hasa huko kwenu ambako kipindupindu hakiondoki.

#6 Birere_Chap
Papa Bagira kila uzi anaingiza makayabu. Wiki jana uzi ulikuwa wa pikipiki, bado akayataja.

#7 Papa_Bagira
Birere Chap, wewe unayekula sambaza za kukaanga asubuhi, mchana na jioni, kaa kimya kwanza.

#8 Mwana_Nguba
Asante Mpima Damu. Nyuma ya karatasi kweli kuna "RA 19", kawaida 22 hadi 29. Sikuiona. Serumu: kwenye kaye ya dispansari wameandika physio, chupa 2 za mililita 500. Kuhusu mkono, mama anasema sindano zote zilikuwa kushoto, dada yangu aliyemlinda anasema damu ilitolewa kulia. Wanabishana mpaka sasa.

#9 Zamu_ya_Usiku
Mimi ni daktari, si wa figo, lakini wagonjwa wa hivi nawaona sana.

Sasa picha inaanza kuonekana. Kloridi peke yake haisemi mengi, ila ukiiweka kando ya bikabonati inazungumza. Zote mbili zina chaji hasi, na damu lazima ibaki na uwiano wa chaji. Fikiria taksi-basi ya kwenda Kadutu: bikabonati akishuka Nyawera, kloridi anakalia kiti chake. Kwa hiyo kloridi 113 na bikabonati 19 ni habari moja, si mbili.

Hesabu tunayofanya ni hii: sodiamu toa kloridi na bikabonati. 141 toa 113 toa 19, inabaki 9, ndilo tunaloita pengo. Kawaida ni kama 8 hadi 12, inategemea mashine. Pengo lake liko sawa. Maana yake, ikiwa kweli damu yake ina asidi, haitokani na asidi ngeni iliyojazana, kama ketoni za kisukari kilichochafuka au laktati ya mtu aliye kwenye mshtuko. Inatokana na bikabonati kupotea, au kloridi kuongezwa kutoka nje. Njia kubwa za kupoteza ni mbili, tumbo na figo. Njia kubwa ya kuongezewa ni serumu. Mama yako aliharisha, na alipewa physio. Tayari ana sababu mbili kabla hujafika kwenye figo za binamu.

Jambo moja: pengo hushuka albumini, protini ya damu, ikiwa chini. Mtu aliyekonda sana anaweza kuonyesha 9 huku asidi ngeni ipo. Albumini ilipimwa?

#10 Mwana_Nguba
Haikupimwa dokta. Na mama si mtu aliyekonda.

#11 Mkongwe_wa_Himbi
Hapo kwenye tumbo mko sawa. Nilikuwa kijana wa kujitolea hapa Goma mwezi wa saba 1994, kipindupindu kilipoingia kambini na watu wakafa kwa maelfu. Kazi yangu ilikuwa kushika chupa juu na kuita muuguzi ikikaribia kuisha. Tuliambiwa tena na tena: Ringer laktati kwanza, physio ikiwa hakuna nyingine. Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba mgonjwa anayeharisha maji vile anamwaga bikabonati, na ini lake linageuza laktati ya Ringer kuwa bikabonati. Physio inarudisha maji na chumvi, lakini bikabonati haiirudishi.

#12 Zamu_ya_Usiku
Papa Himbi amesema vizuri, nami naongeza kitu. Kipindupindu kikali hakina sura moja. Mtu akifika presha imeshuka na mkojo umekatika, laktati hupanda na pengo hupanda pia. Kwa hiyo "ameharisha, basi pengo litakuwa sawa" si kanuni ya kila mgonjwa.

Kuhusu physio: ina gramu 9 za chumvi kwa lita, yaani sodiamu 154 na kloridi 154. Damu yetu ina kloridi ya 100 na kidogo. Ringer laktati ina 109 hadi 111 hivi. Ndiyo maana mtu akipewa lita nyingi za physio kloridi hupanda.

#13 Bwana_Funu
Basi kwa nini bado wanaitundika kila mahali? Kila dispansari ukifika na kichwa tu, physio.

#14 Zamu_ya_Usiku
Kwa sababu ni rahisi, inapatikana, na kwa wagonjwa wengi haileti shida. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Utafiti wa SMART wa Vanderbilt, Marekani, uliotoka 2018, uliwafuata watu wazima zaidi ya 15,000 wa vyumba vya mahututi. Madhara makubwa ya figo yalikuwa 14,3% kwa waliopewa serumu za aina ya Ringer na 15,4% kwa waliopewa physio. Tofauti ndogo, lakini ipo. Kisha 2022 utafiti wa PLUS wa Australia na New Zealand haukuona tofauti ya vifo. Mtu wa kichwa tu, kwa maoni yangu, hahitaji serumu yoyote, anywe maji.

#15 Mwalimu_Katuba
Dokta, niruhusu nikupinge kwa hesabu. Mama ana kilo ngapi? Tuseme 55. Maji yaliyo nje ya seli ni kama sehemu moja ya tano ya uzito, lita 11. Kloridi yake ya kawaida tuseme 103. Ongeza lita moja ya physio yenye 154, gawanya kwa lita 12. Napata 107. Hata kama figo hazikutoa chochote, lita moja haifikishi 113. Kwa hiyo serumu peke yake haitoshi.

#16 Mpima_Damu
Hesabu ya mwalimu ni safi, na ndiyo inanirudisha kwenye mkono.

Nimeona hili kwa macho yangu. Mtu anakuja kutoa damu huku serumu inatiririka. Anayetoa anaona mshipa mzuri juu kidogo ya kateta (kibomba cha serumu), anachoma hapo hapo. Bomba linajaa haraka, damu inaonekana nyepesi kidogo, rangi yake haijakolea. Ile si damu tupu, ni damu na physio.

Sasa changanya sehemu 4 za plazma (maji ya damu) ya mtu mzima wa afya na sehemu 1 ya physio. Kloridi 103 inakuwa 113. Sodiamu 138 inakuwa 141. Potasiamu 4,1 inakuwa 3,3. Bikabonati 24 inakuwa 19. Kreatinini 1,0 inakuwa 0,8. Linganisha na karatasi ya mama, namba kwa namba.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema karatasi hii ingeweza kutoka kwa mtu asiye na tatizo lolote la kloridi. Kitakachotoboa siri ni hemoglobini, protini na kalsiamu za bomba hilo hilo: damu ikichanganyika na physio, zote hushuka pamoja.

#17 Dada_Muhumba
Mpima Damu umenitisha. Watu wangapi wamepewa dawa ya potasiamu kwa karatasi kama hiyo?

#18 Zamu_ya_Usiku
Hoja nzito, naikubali kama uwezekano. Lakini tusisahau mgonjwa: mama huyu aliharisha kweli, na mwenye kuharisha hupoteza potasiamu na bikabonati kweli. Ukiunganisha kuhara na lita ya physio, 113 inafikika bila kosa lolote la sindano.

#19 Mpima_Damu
Inafikika. Ndiyo maana nasema damu irudiwe, si kwamba mama hana kitu.

#20 Kijana_wa_Mlima
Hakuna aliyezungumzia mwinuko. Bukavu iko kama mita 1,500. Ukiwa juu unapumua zaidi, kaboni dioksidi inashuka, figo zinaachia bikabonati, kloridi inapanda. Nimesoma hiyo ya wapanda milima.

#21 Mwalimu_Katuba
Fiziolojia yako ni sahihi, kiasi ndicho kidogo. Kwa mita 1,500 bikabonati hushuka kidogo tu. Ingekuwa mwinuko, Ibanda nzima ingezungushiwa bik nyekundu.

#22 Mama_Essence
Mimi niulize kitu kingine. Mama anatumia dawa gani za kila siku? Mama yangu mkubwa alisumbuliwa na macho, presha ya jicho, akapewa vidonge vya asetazolamidi, wengine wanaiita Diamox. Vidole vilikuwa vinamwashawasha, akawa anachoka. Walipopima, bikabonati chini, kloridi juu, potasiamu chini. Daktari wa macho akasema ni kawaida ya dawa ile.

#23 Mwana_Nguba
Mama Essence! Mama anatumia vidonge vya macho tangu kabla ya sikukuu. Nimeangalia pakiti sasa hivi: asetazolamidi miligramu 250. Hakuna aliyetuuliza, wala hatukufikiria kuitaja, kwa sababu ni ya macho.

#24 Birere_Chap
Sasa sababu ni nne. Na makayabu bado yako nje ya kiwanja.

#25 Zamu_ya_Usiku
Hiyo ni habari kubwa. Asetazolamidi huzifanya figo zimwage bikabonati kwenye mkojo, kwa hiyo kloridi hupanda. Ndiyo kazi yake, haimaanishi figo ni mbovu. Lakini tafadhali, asiiache mwenyewe. Presha ya jicho ikipanda ghafla inaweza kumpofusha, na jicho likishapoteza kuona kwa njia hiyo halirudi. Daktari wa macho na daktari wa tumbo waongee.

#26 Binamu_Mtaalamu
Nimeletwa hapa na Mwana Nguba, mimi ndiye binamu niliyetajwa. Sikusema figo zimekufa. Nilisema kuna ugonjwa wa mirija ya figo, ambao figo inachuja vizuri lakini inashindwa kutoa asidi. Kreatinini inakuwa 0,8 kama hii, kloridi juu, bikabonati chini, pengo sawa, potasiamu chini. Aina moja huleta pia mawe ya figo. Kreatinini nzuri haiondoi ugonjwa huo. Mmeufuta haraka mno.

#27 Zamu_ya_Usiku
Binamu, kwa hilo uko sahihi. Si ugonjwa wa kawaida, lakini kreatinini haiuondoi. Mkojo ndio unasaidia kutenganisha. Unapima sodiamu, potasiamu na kloridi za mkojo. Jumlisha mbili za kwanza, toa kloridi. Kwa mtu aliyeharisha, figo nzima inasukuma amonia nje ikiambatana na kloridi, kwa hiyo jibu huwa hasi. Kwa figo iliyoshindwa kutoa asidi, jibu huwa chanya.

#28 Binamu_Mtaalamu
Ila mgonjwa akiwa amekauka sana na sodiamu ya mkojo iko chini ya 25 hivi, kipimo hicho kinadanganya. Na akiwa kwenye asetazolamidi, mkojo tayari umechafuliwa na dawa. Tutasomaje?

#29 Zamu_ya_Usiku
Kwa shida. Ndiyo sababu ningeanza na kurudia damu, tumbo likiwa limetulia na serumu imeondolewa, kabla ya kukimbilia mkojo.

#30 Yaya_Ruashi
Jamani, mimi niko Lushi, nimesoma mahali kwamba kloridi juu ya 60 ni ugonjwa wa kurithi wa mapafu, ule wa makohozi mazito. Sasa yeye ana 113!

#31 Mpima_Damu
Yaya, ile 60 ni ya jasho. Kuna kipimo cha kukusanya jasho la mtoto kwa ajili ya ugonjwa huo. Kwenye damu kila mtu ana zaidi ya 90. Usimtishe mama wa watu.

#32 Yaya_Ruashi
Asante, nimeelewa.

#33 Shangazi_Kadutu
Na ile SRO ya pakiti, ya kuchanganya na maji mtu akiharisha? Ina chumvi. Mama ameogopa chumvi, si ataikataa?

#34 Zamu_ya_Usiku
Shangazi, swali zuri kuliko yote ya uzi huu. SRO ya fomula ya 2002 ina kloridi 65 kwa lita, chini ya ile ya damu. Ina potasiamu 20, na ina sitrati ambayo mwili huigeuza kuwa bikabonati. Kwa mtu anayeharisha ndiyo hasa anayohitaji. Kukataa chumvi yote na kujaza maji matupu wakati tumbo bado linamwaga kunaweza kushusha sodiamu, na hapo ndipo mtu huchanganyikiwa. Chumvi ya kawaida jikoni airudishe, na SRO anywe kila akiharisha.

Na zikitokea hizi msisubiri majibu ya labo, mpelekeni hospitali: kupumua haraka na kwa kina kama aliyekimbia, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuchanganyikiwa, moyo kwenda ovyo, au mkojo kupungua sana.

#35 Bwana_Funu
Mimi nina karatasi ya mwaka jana, kloridi wameandika 3,70. Nimesoma uzi huu wote naogopa, 3,70 si nimekufa?

#36 Mpima_Damu
Hujafa, Bwana Funu. Hiyo ni gramu kwa lita, labo nyingine bado zinaandika hivyo. Gawanya kwa 35,45, zidisha kwa elfu moja: unapata 104. Uko ndani ya mpaka. Karatasi yenye mEq kwa lita nayo, kwa kloridi, ni namba ile ile ya milimoli. Msilinganishe karatasi mbili kabla ya kusoma kipimo na mipaka ya labo yenyewe. Wengine wanaishia 106, wengine 107.

#37 Papa_Bagira
Kwa hiyo mnakubali chumvi haina neno kabisa?

#38 Mpima_Damu
Kwa kloridi ya damu, karibu haina neno. Kwa presha yako, Papa, ina neno kubwa.

#39 Mwana_Nguba
Nimeongea na daktari leo asubuhi, nikamtajia vidonge vya macho na habari ya mkono. Alikaa kimya kidogo, akasema turudi Jumatatu. Atarudia ionogramu pamoja na hemoglobini, protini na kalsiamu, na atampigia daktari wa macho. Mkojo utasubiri. Mama tumbo limetulia, amekunywa SRO. Yeye bado anashikilia sindano zote zilikuwa kushoto. Asanteni.

#40 Mwalimu_Katuba
Mimi naweka kura yangu kwa vidonge vya macho. Hata lita 2 za physio zisingefika.

#41 Mkongwe_wa_Himbi
Mimi kwa tumbo. Nimeona wengi.

#42 Binamu_Mtaalamu
Ikirudi 110 na tumbo limetulia, nitauliza tena kuhusu mirija ya figo, vidonge vikiwepo visiwepo.

#43 Mpima_Damu
Jumatatu, Mwana Nguba, usimwachie mtu mwingine kazi hii. Mkono usio na alama ya kateta. Bomba lijazwe na lifungwe palepale, kwa sababu likikaa wazi kaboni dioksidi inatoka na bikabonati inasomeka chini kuliko ilivyo. Lipelekwe labo bila kupitia kwenye gari la mtu anayezunguka mji. Kwenye karatasi ya maombi waandike saa ya mwisho ya serumu, na jina la dawa ya macho pamoja na miligramu zake. Ukipata majibu leta namba zote, si kloridi tu.